Ukingo Mrefu

Nyamizi mwanangu,

Mama mdogo wako Vero amekwisha kukuambia habari za makoti, soksi za sufu, na pasipoti kukaa kifuani na si kwenye mkoba. Hapo sina la kuongeza. Umetoka kwenda kuwaaga wenzako huku huku Ipuli, nyumba imenyamaza, na mabegi yako yamesimama sebuleni. Nimeona niandike sasa, jua likiwa bado lipo, maana giza likiingia ninakuwa mkali kuliko nilivyokusudia, na kesho alfajiri basi halitanisubiri nimalize.

Juzi ulikuja mbio jikoni na simu mkononi. Ulikuwa umetoka kuongea na Profesa Marta, huyo unayekwenda kusoma chini yake, na uso wako ulikuwa unang'aa.

"Mama! Amesema wewe ndiye uliyekuwa na mikono mizuri kuliko wote kwenye maabara yao!"

Nikakuuliza, "Amesema lini?"

"Sasa hivi, Mama. Sasa hivi hapa."

Nikasema, "Amechelewa," nikaendelea kukata mchicha.

Ulitegemea nifurahi. Mezani ukashindwa kujizuia, ukasema mbele ya Vero: "Mama, wewe uliogopa. Ndiyo maana umebaki hapa unanuna. Mimi siogopi." Vero alibaki na kijiko hewani. Mimi niliondoka mezani, na tangu siku hiyo tunasemeshana habari za maji na luku ya umeme tu.

Sasa nimekaa nikuandikie nilichoogopa. Sehemu kubwa hujawahi kuisikia kwangu. Umeokota vipande kwa Vero na vipande kwa Guku wako, baba yangu, alipokuwa hai, ukaunganisha mwenyewe.

Ulikuwa hujaanza shule nilipoondoka. Nilikuwa mwalimu wa fizikia mwenye shahada moja, nikapata nafasi ya kwenda kusomea uzamivu Ulaya, kwenye mji wenye baridi ambao hata jina lake lilinishinda kutamka mwaka mzima. Baba yako alikuwa kazini relini, Kigwa. Alisema nenda, na mwaka haujaisha akawa na mke mwingine kule kule Kigwa. Hilo unalijua na sina hamu ya kulipamba. Nilikuacha Puge kwa baba yangu. Nilikuambia narudi mvua zikiisha. Mvua ziliisha mara nyingi.

Fizikia yenyewe unaijua, pengine umekwisha kunipita. Lakini acha niieleze kama nilivyoikuta mimi, ikiwa mpya kabisa, watu wazima wanabishana juu yake kwenye ngazi. Tulikuwa tunatumia tabaka za madini zilizobanwa moja kati ya mbili. Ile ya katikati ni nyembamba kiasi kwamba elektroni zinanaswa humo ndani zisiweze kupanda wala kushuka, ndiyo maana watu wakaiita kisima cha kwanta. Ikiwa nyembamba mno, ni kihami cha kawaida, umeme haupiti popote, hakuna cha ajabu. Ikizidi unene fulani, mambo yanageuka: katikati umeme haupiti, lakini ukingoni unapita. Na haupiti ovyo. Kwenye ukingo huo huo mmoja, elektroni za spini hii, yaani zinazojizungusha upande huu, zinakwenda huku, za spini ile zinakwenda kule. Zinapishana. Hakuna inayogeuka kurudi ilikotoka, kwa sababu kugeuka ni lazima ibadili spini yake, na humo ndani hakuna sumaku ya kuibadilisha. Kwa hiyo ukipima ukinzani, inatakiwa itoke namba moja inayojulikana. Haijalishi kipande kimekatwaje wala nani amekikata.

Darasani kwangu huwa nawaeleza kwa njia ile ya zamani ya misafara, inayopita Kwihara. Aliyebeba nguo na shanga alikuwa anakwenda bara, aliyebeba pembe alikuwa anashuka pwani. Walipishana kwenye njia moja, na mtu hakugeuka katikati, maana mzigo wake ulikuwa umekwisha kusema anakwenda wapi. Kidato cha sita wanacheka, wanaelewa, wanaandika. Sehemu ya pili, ya wanaogeuka njiani, huwa siwaambii.

Mara moja tu nilikuja likizo, ulikuwa na miaka sita. Nilimkuta baba amekaa kwenye kigoda uani anapukuchua mahindi, wewe umejificha nyuma yake kama kifaranga. Hukutaka kunisalimia. Baba akakuambia, "Msalimie mama yako," ukasema shikamoo ukitazama magunzi.

Akaniuliza ninasoma nini huko. Nikamweleza kama nilivyokueleza hapo juu, bila yale majina.

"Kwa hiyo katikati hapapitiki," akasema.

"Hapapitiki, baba. Ni pembeni tu."

"Na faida yake?"

"Umeme hautapotea njiani. Mashine hazitapata joto. Labda siku moja."

Akapukuchua hindi zima kabla ya kusema tena. "Huyu mtoto kila jioni ananiuliza utarudi lini. Mimi sikuulizi. Nakuambia tu kwamba anauliza."

Nikamjibu, "Bado kidogo, baba." Neno hilo, bado kidogo, nimelitumia vibaya kuliko neno lolote la Kiswahili.

Kwenye maabara ile tulikuwa wengi, lakini rafiki nilikuwa naye mmoja, na ndiye huyo Marta. Alikuwa msichana mwembamba, mtoto wa mkulima wa viazi, anayekula vitunguu vibichi kama maembe. Alinifundisha kuvaa gwanda la chumba kisafi, kile kisichotakiwa hata punje ya vumbi, bila kugusa sakafu. Alinifundisha kuunga waya za dhahabu, nyembamba kuliko unywele, huku umebana pumzi. Nilipoumwa mafua ya kwanza ya kule, aliniletea supu mpaka chumbani, akakaa kitandani akasoma kwa sauti magazeti ya udaku ya kwao na kunitafsiria. Ukimwona sasa kwenye simu na miwani yake, hutamjua huyo. Mimi ninamjua. Hiyo ndiyo shida.

Kazi tuligawana. Yeye alipewa vipande vifupi, mimi virefu. Vifupi vikatoa namba. Namba yenyewe, ile inayotakiwa, imetulia kwenye skrini kama iliyoandikwa. Watu wakakumbatiana. Vyangu vikakataa. Nasema virefu, lakini hata kile kirefu kuliko vyote kingelala juu ya punje ya chumvi na nafasi ikabaki. Kadiri ukingo ulivyorefuka, ukinzani ulipanda. Elektroni zilikuwa zinageuka. Hazikutakiwa kugeuka, na zilikuwa zinageuka.

Profesa wetu, ambaye jina lake sitaliandika hata leo, aliitazama michoro yangu akiwa amesimama.

"Kalunde, hii ni mikono yako," akasema. "Umechafua kipande au umeunga waya vibaya. Rudia."

Nikarudia. Ikatoka vile vile. "Mikono," akasema tena. Nikaanza kuitazama mikono yangu hata nikiwa naoga.

Ndipo Marta akaamua. Alichukua kipande kirefu, akakiandaa yeye mwenyewe toka mwanzo mpaka mwisho, akakipima kwa mashine yake. Ikatoka kama zangu. Alikuja akanishika mabega, akacheka mpaka machozi. "Siyo mikono yako, Kalunde! Ni kitu chenyewe! Humo ndani kuna kinachozigeuza!" Siku hiyo nilipiga simu Puge nikaongea na baba, nikamwambia mambo yamekuwa mazuri. Hakuuliza mambo gani.

Wiki ile ile ikawa na kikao cha maabara nzima. Profesa akasema sasa tunaandika matokeo, na yataandikwa ya vipande vifupi. "Virefu tuviache. Ni tatizo la maandalizi tu, tumeliongelea." Akanitazama, na wengine wakanitazama kwa sababu yeye alinitazama. Kijana mmoja alitabasamu. Mimi nikamtazama Marta. Marta akatazama kikombe chake cha kahawa.

Profesa akauliza, "Kuna mwenye neno?"

Hakuna aliyekuwa na neno. Karatasi zikakusanywa, viti vikasukumwa.

Nilimkamata Marta kwenye korido.

"Kwa nini hukusema?"

"Mkataba wangu unaisha, Kalunde. Unajua. Yeye ndiye anayeamua."

"Ulipima mwenyewe!"

"Na wewe ulikuwa umekaa pale pale," akasema, na sauti yake ikapanda. "Kwa nini wewe hukusema kwamba nimepima?"

Jibu nililo nalo silo la kujivunia. Nilitaka aseme mwenyewe. Niliona aibu kumtaja rafiki mbele ya watu. Na niliogopa, kama ulivyosema juzi. Niliogopa kuonekana yule mwanamke wa Afrika anayewasingizia wenzake ili kuficha mikono yake mibovu. Hakuna mtu aliyenitamkia hivyo. Nilijitamkia mimi, nikajitii.

Kwa hiyo umepatia, mwanangu. Umepatia nusu. Lakini woga ule ulikuwa wa siku moja, na mtu anaweza kuusahau. Kilichoniharibia ni kilichofuata: niliwaamini. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu, rafiki yangu ameona kwa macho yake, na bado nikaanza kufikiri labda kweli ni mikono. Nikasafisha. Nikabadilisha waya, asidi, glavu. Nikawa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Nikaacha kula na wenzangu. Sikutafuta tena kwa nini elektroni zinageuka, swali ambalo lilikuwa langu na hakuna mwingine duniani aliyekuwa nalo mkononi kama mimi. Nikatafuta jinsi ya kuzizuia zisigeuke ili nimfurahishe mtu aliyeniambia hazigeuki. Huko ndiko nilikopotelea.

Ndipo Vero akapiga simu.

"Dada, hali ya baba siyo nzuri. Anakutaja. Njoo."

Ungeiona ile mashine ya baridi, tunayopozea kipande kabla ya kukipima, ungenielewa, na utaiona. Kuipoza ni kazi ya siku kadhaa, heliamu inaagizwa, zamu inapangwa kwa foleni, na zamu yangu ilikuwa imefika baada ya kusubiri msimu mzima. Kipande kilikuwa tayari ndani. Kipande kisafi kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza.

Nikamwambia, "Nimalize kipimo hiki, Vero. Nimekwisha kuanza kupoza. Bado kidogo."

Nilisikia kuku wa nyumbani kwenye simu. Kisha akasema, "Haya."

Baba alifariki mashine ikiwa bado haijafika kwenye baridi inayotakiwa. Kabla sijakata tiketi walikuwa wamekwisha kumzika, maana huko Puge maiti haisubiri mtu aliye ng'ambo anayepima waya. Nikabaki na mashine. Nikapima, kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine. Ikatoka vile vile.

Wewe ulikuwepo makaburini. Mimi sikuwepo. Vero aliniambia ulitupa udongo kama walivyokuelekeza, hukulia, halafu ukamvuta kanga ukamuuliza jioni nani atafunga banda la kuku, kwa sababu ilikuwa kazi yako na Guku. Nilipoambiwa hayo nilikuwa kwenye korido ile ile, nimeegemea ukuta. Nimesoma vitabu vingi, Nyamizi, na hakuna sentensi iliyowahi kunikaa kama hiyo ya banda la kuku. Ukipigiwa simu kutoka nyumbani, iache heliamu ichemke iishe yote. Wataagiza nyingine. Sikuambii hili kwa upole.

Fedha za masomo zikaisha. Wakanipa cheti cha uzamili, kama mtu anayepewa nauli ili asipige kelele. Nilirudi ukiwa darasa la tatu. Ulinisalimia vizuri sana, kwa adabu, kama mgeni wa mwalimu mkuu.

Miaka ikapita, nipo hapa Tabora, nafundisha, nasahihisha mitihani. Halafu kidogo kidogo mambo yakajulikana. Watu wa maabara mbalimbali wakakiri kwamba kweli, ukingo ukirefuka ile namba inaharibika. Wengi wanaona kwamba humo ndani ya tabaka kuna madimbwi madogo ya chaji. Elektroni inayopita ukingoni inatumbukia humo, inazungukazunguka, na ikitoka imekwisha kusahau ilikuwa inakwenda wapi. Wengine wana maelezo mengine. Wanabishana mpaka leo, na ni ubishi mzuri, nakuonea wivu kuuingia. Marta alijenga jina lake humo. Kwenye kingo ndefu. Nimesoma kazi zake zote kwenye simu hii hii yenye kioo kilichopasuka, na ni kazi safi, ya mtu mwaminifu kwa vipimo vyake. Jina langu halimo. Sheria ipi ingeliweka? Sikuandika kitu. Mtu aliyeona na kunyamaza ni sawa na ambaye hakuona, vitabuni. Hilo nalijua kwa akili. Kifuani ni habari nyingine.

Na sasa lile lililo baya zaidi, ambalo sidhani umelisahau ingawa hujawahi kulitaja.

Ulikuwa kidato cha tatu, likizo. Ulichora mistari ya penseli kwenye karatasi, mifupi na mirefu, ukachukua mita yangu ya zamani ukaanza kupima ukinzani. Hakuna aliyekutuma. Ulikuja na karatasi yako, nilikuwa nasahihisha, ukasema, "Mama, mifupi inakubali. Mirefu inanipa namba za ajabu."

Sikuinua kichwa. Nikasema, "Ni mikono yako. Rudia."

Nilimsikia yule mtu akitoka mdomoni mwangu, kwa Kiswahili. Nilisikia, Nyamizi, sekunde ile ile. Ningeweza kuweka kalamu chini. Ningeweza kukuita, tukakaa sakafuni wote wawili tukatafuta kama ni unyevu wa karatasi au ni kitu gani. Nilisikia mlango wako ukifungwa taratibu, nikachukua mtihani uliofuata. Tangu siku hiyo hukuniletea kitu. Fizikia ulijifunza kwa walimu wengine, ukafaulu kwao, na mimi nikiwa mwalimu wa fizikia nyumba moja na wewe. Ulipochagua kusomea jambo hili hili, na kwa mtu huyu huyu, Vero alidhani unanifuata. Mimi nilidhani unakwenda kuuliza swali ambalo nyumbani lilikataliwa.

Nenda kaliulize.

Kuna jambo nimelifanya leo asubuhi ulipokuwa mjini. Nilimpigia Marta. Namba yake Vero aliinakili kutoka kwenye simu yako ukiwa unaoga. Tukasirikie wote wawili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka. Nilikuwa nayasema nikisonga ugali. Alipopokea na kusema "Kalunde?" kabla hata sijajitambulisha, yakaniishia yote. Nikabaki na lile moja.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa," akasema. "Halafu nikapewa mkataba. Halafu kila mwaka ikawa vigumu kuliko mwaka uliopita."

"Na mlipokuja kujua kwamba ni kweli?"

"Nilitaka kukutafuta."

"Tabora ina simu, Marta."

"Ninajua," akasema. "Sikukutafuta."

Akalia. Nilidhani siku nikimsikia analia kitu kitalegea humu ndani. Hakikulegea. Nilikuwa nimesimama uani nikitazama nguo zako kwenye kamba, na nilichofikiria ni kwamba shuka halijakauka. Nakuambia usije ukashangaa siku mtu akikuomba radhi na ukabaki ulivyokuwa. Haina maana wewe ni mtu mbaya. Pengine ina maana kwamba amechelewa mno na basi. Alinikaribisha nikamtembelee, nikakataa. Hakuuliza mara ya pili, na kwa hilo nilimshukuru.

Kabla ya kukata nikamwambia: "Unampokea mtoto wangu. Akikosea, mwambie mbele ya watu. Akipatia, mwambie mbele ya watu. Usimwambie pembeni."

Akasema, "Nimesikia."

Sijui kama amesikia. Utaniambia wewe.

Usimchukie kwa niaba yangu. Ni fundi, atakufundisha vizuri, na mtu aliyewahi kunyamaza na kuona matokeo yake anaweza kuwa mwalimu mzuri kuliko ambaye hajawahi kujaribiwa. Lakini usijaribu kutupatanisha pia. Usimpe simu nikiwa nimepiga nikitaka kukusikia wewe. Usiniletee salamu zake. Kama nitapunguza hasira nitaipunguza mwenyewe, hapa hapa, taratibu, na ikinishinda basi imenishinda. Nimekwisha kuishi nayo, najua inavyolala na inavyoamka.

Na kuhusu woga, usidanganyike na ulivyoniambia juzi. Utaogopa. Utakuwa umekaa kwenye chumba chenye watu wanaojua zaidi yako, kwa lugha ambayo inachelewa kukujia mdomoni, na utakuwa umeona kitu ambacho hawakitaki. Hapo sina dawa ya kukupa, sikuwahi kuipata. Ninachojua ni kwamba ile nafasi ya kusema inakuwa fupi sana, ni muda wa watu kukusanya karatasi zao. Nikiikumbuka sasa, nadhani ningesema hata kwa sauti ya kutetemeka, hata kwa Kiingereza kibovu, hata kwa kumtaja rafiki. Pengine wangenifukuza. Walinifukuza hata hivyo.

Ukifika usinipigie kunieleza chumba na baridi, hayo mwambie Vero, ndiye anayeyapenda. Mimi nipigie siku utakapopata namba ambayo hakuna anayeitaka. Hata kama ni saa nane za usiku huku. Sitakuambia ni mikono yako. Nitakuuliza karatasi ilikuwa na unyevu gani, kipande kina urefu gani, ulipoza mpaka wapi, na tutakaa kwenye simu mpaka salio liishe.

Nakusikia getini na Vero, mnacheka. Unacheka kama baba yangu. Hilo pia sijawahi kukuambia.

Kesho stendi watu watakuwa wanakumbatiana na kulia. Vero atalia kwa niaba ya ukoo mzima. Mimi sitaweza, nakuambia mapema. Nitakuwa nagombana na yule kijana wa mizigo jinsi anavyoyatupa mabegi yako kwenye buti, nitamgombeza sana, mpaka watu wageuke kutazama, mpaka uone aibu. Panda tu ukae kwenye kiti chako. Utakaponisikia nampigia kelele mtu ambaye hajakosa kitu, jua kwamba ndivyo ninavyokuaga.

Mama yako,
Kalunde